Mwili mnene mbele ya mhubiri, mpimaji na tabibu

Mwaka 958, wakuu wa ufalme wa León, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Hispania, walimng'oa mfalme wao kwenye kiti cha enzi. Mfalme huyo, Sancho wa Kwanza, ameingia katika historia kwa jina la Sancho Mnene, na miongoni mwa sababu za kupinduliwa kwake ni kwamba mwili wake ulikuwa umemlemea. Inasimuliwa kuwa hakuweza kupanda farasi, na zama zile mfalme asiyepanda farasi hakuweza kuongoza vita. Bibi yake mzaa mama, Toda, malkia wa Navarra, hakukubali mambo yaishie hapo. Aliomba msaada Córdoba, kwa khalifa Abd al-Rahman wa Tatu, ambaye alikuwa hasimu wao wa miaka mingi, na khalifa akamkabidhi mgonjwa kwa Hasdai ibn Shaprut, tabibu Myahudi aliyekuwa pia mjumbe wake wa mambo ya nje. Sancho akatibiwa Córdoba, akakonda, na kufikia mwaka 960 alikuwa amerudishiwa ufalme wake kwa nguvu za majeshi ya mwenyeji wake.

Je, Sancho alikuwa mgonjwa wa nini? Kwa wakuu waliompindua, unene wake ulikuwa ushahidi kwamba hafai kutawala. Kwa tabibu ulikuwa hali ya mwili iliyohitaji matibabu. Kwa bibi yake ulikuwa kikwazo cha kisiasa kilichoweza kuondolewa kama kulikuwa na mtu wa kukiondoa. Kipimo cha unene wake kilikuwa farasi. Hakuna aliyehitaji mzani ili aseme kuwa umezidi.

Naanza na mfalme huyu kwa sababu kisa chake kinavunja simulizi tuliyoizoea kuhusu unene. Simulizi hiyo inasema kwamba watu wa kale, kwa kuwa chakula kilikuwa haba, waliusifu mwili mnene, na kwamba baadaye sayansi ilikuja ikafichua madhara yake. Kuna ukweli ndani yake, lakini kwa jumla inapotosha, kwa maana matabibu wameyajua madhara ya unene uliopindukia kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na sifa na maonyo vimeishi pamoja muda wote huo, mara nyingi katika mji mmoja na hata katika nyumba moja. Kilichobadilika hasa ni nani alikuwa na uwezo wa kunenepa, nani alishika kipimo, na nani alibebeshwa lawama. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu nadharia nyingi kuhusu unene zimekuja na kupita, ilhali lawama dhidi ya mwenye mwili mnene imehama pamoja na kila nadharia, ikibadilisha mavazi tu.

Ushahidi wa kale zaidi hauna maneno. Mwaka 1908, karibu na kijiji cha Willendorf nchini Austria, wachimbaji wa mambo ya kale waliibua sanamu ndogo ya jiwe la chokaa, yenye urefu wa sentimita 11 hivi, ambayo inaenea katika kiganja cha mkono. Ina umri wa miaka kati ya 25,000 na 30,000. Ni mwanamke mwenye matiti mazito yaliyolalia tumbo, nyonga pana, na mikunjo ya mafuta ubavuni iliyochongwa kwa uangalifu wa mtu ambaye, kwa dalili zote, alikuwa ameuona mwili wa namna hiyo kwa macho yake. Uso hana, na miguu yake haina nyayo, kwa hiyo sanamu haiwezi kusimama yenyewe. Wengi wameharakisha kumwita mungu wa uzazi au kielelezo cha urembo wa zama za barafu, lakini jiwe halisemi, nasi hatuna haki ya kulisemea. Linachothibitisha ni kidogo, ila kina uzito: watu walioishi kwa kuwinda na kuokota matunda waliufahamu mwili mnene, miaka maelfu kabla ya kilimo na viwanda.

Tunapofika kwenye maandishi, matabibu wako wazi. Mkusanyo wa maandiko ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, una kauli fupi kwamba watu walio wanene sana kwa maumbile huelekea kufa ghafla zaidi kuliko wembamba. Nchini India, maandiko yanayonasibishwa na Sushruta yalitofautisha aina mbili za ugonjwa wa mkojo mtamu: moja ya watu waliokonda, inayotokana na kuzaliwa, na nyingine ya watu wanene wanaokula sana na kukaa bila kujishughulisha. Mtu anayejua tofauti kati ya kisukari cha aina ya kwanza na cha aina ya pili hawezi kusoma maneno hayo bila kushangaa. Galen, katika karne ya 2, alieleza jinsi alivyowapunguza wagonjwa kwa mbio, kukandwa na mlo mwepesi, naye Ibn Sina, mwanzoni mwa karne ya 11, alitaja miongoni mwa hatari za unene uliopindukia kukosa pumzi na ugumba. Wote hao waliamini kwamba afya ni uwiano wa majimaji ya mwili, na wembamba uliopitiliza uliwatia wasiwasi sawasawa na unene. Unene kwao ulikuwa mwegemeo wa upande mmoja uliohitaji kusawazishwa, na tabibu aliuzungumzia kwa sauti ileile ambayo angezungumzia homa au ubaridi wa viungo.

Lawama ilitoka mlango mwingine. Katika karne ya 4, mtawa Evagrius Ponticus aliorodhesha mawazo mabaya yanayomshambulia mtu wa sala, na la kwanza lilikuwa ulafi; karne mbili baadaye Papa Gregori Mkuu aliuweka ulafi katika dhambi kuu na kueleza njia tano za kuutenda: kula kabla ya wakati, kutafuta vyakula vya gharama, kutaka viandaliwe kwa ufundi uliozidi, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Ukisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba mwili haumo. Mtu mwembamba anayehangaika kutwa kutafuta chakula cha fahari alikuwa mlafi kamili machoni pa Gregori, na mtu mnene anayekula kwa kiasi hakuwa na kosa lolote. Ilikuwa dhambi ya tamaa, iliyofichika moyoni, ambayo mwenye kuitenda ndiye aliyeijua. Baadaye, polepole, tumbo lilianza kuchukuliwa kuwa hati ya mashtaka: mchoraji aliyetaka kuonyesha ulafi alichora mtu mnene, na mtazamaji akajifunza kinyume chake, kwamba akimwona mtu mnene basi amemwona mlafi. Kosa hilo la kusoma lina umri wa karne nyingi, na bado tunaishi nalo.

Pamoja na hayo, sifa ziliendelea. Pale ambapo njaa ilikuwa ikirudi kila baada ya misimu michache, mwili ulioshiba ulikuwa tangazo la ghala lililojaa. Lugha yetu yenyewe imehifadhi kumbukumbu hiyo, kwa maana neno kunona, ambalo asili yake ni kuwa na mafuta, limetuzalia unono, yaani maisha ya raha na neema. Mchoraji Peter Paul Rubens, aliyefariki mwaka 1640, aliwachora wanawake wenye nyama na vishimo mapajani kama kilele cha uzuri, na wanunuzi wake walikuwa wafalme. Mwaka 1863, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alichapisha habari za safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile, na humo akaeleza jinsi wake wa jamii ya kifalme ya Karagwe walivyonenepeshwa kwa maziwa mpaka baadhi yao wasiweze kusimama wima, na jinsi alivyomwomba mmoja wao ruhusa ya kumpima kwa utepe. Mkono wake ulikuwa na mzingo wa sentimita 58 hivi. Ukurasa huo haunipi amani: mwanamke ambaye kwao mwili wake ni cheo anageuzwa tarakimu na mgeni, na binti anayekunywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo anatukumbusha kwamba hata pale unene uliposifiwa, mwenye mwili hakuwa lazima ndiye mwenye hiari.

Mwaka uleule wa 1863, jijini London, kilichapishwa kijitabu kidogo kilichokuja kubadili mazungumzo yote. Mwandishi wake, William Banting, hakuwa tabibu bali mzishi, mtengenezaji wa majeneza mwenye heshima ambaye familia yake ilihudumia mazishi ya wafalme. Alikuwa na umri wa miaka 66, kimo cha sentimita 165 hivi, na uzito wa kilo karibu 92. Alieleza, kwa uwazi unaotia huruma, kwamba hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake, kwamba alilazimika kushuka ngazi polepole kinyumenyume ili kupunguza mshtuko kwenye magoti na vifundo vya miguu, na kwamba alikuwa akikwepa mikutano na vyombo vya usafiri wa umma kwa sababu ya kejeli za watu. Alikuwa ametafuta ushauri kwa miaka mingi. Aliambiwa apige makasia asubuhi. Akapiga, misuli ikakaza, lakini hamu ya chakula nayo ikapanda, na uzito ukaongezeka. Alijaribu bafu za mvuke, maji ya bahari na dawa za kila namna. Hatimaye alikwenda kwa William Harvey, mpasuaji wa masikio, kwa sababu alikuwa anapoteza usikivu. Harvey alikuwa amesikiliza mjini Paris mihadhara ya Claude Bernard kuhusu kazi ya ini na sukari, akamkataza mkate, sukari, bia, maziwa na viazi. Ndani ya mwaka mmoja hivi Banting alipungua kilo 21, akaandika kisa chake na kukigawa bure.

Kijitabu kilisambaa mno hata jina la mwandishi likawa kitenzi. Kwa Kiswidi, mpaka leo, neno la kupunguza uzito kwa mlo ni banta. Madaktari wengi walimkejeli kwa kuwa hakuwa mmoja wao. Ninachokiona mimi katika kijitabu hicho, zaidi ya ule mlo, ni kwamba kwa mara ya kwanza umma mkubwa ulimsikia mtu mnene akijieleza mwenyewe, akisisitiza kwamba hakuwa mlafi wala mvivu, na kwamba ametii kila alichoambiwa bila mafanikio. Tukikokotoa kwa kipimo cha leo cha kulinganisha uzito na kimo, Banting alianza akiwa na kiwango cha takribani 34 na akamaliza na 26. Yeye alijihesabu kuwa amepona kabisa, anashuka ngazi kama mtu yeyote. Kadi ya kliniki ya siku zetu ingeendelea kumwandika kuwa uzito wake umezidi.

Kipimo hicho kina historia yake, na hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Kumpima mtu kwa mzani kwa sababu ya afya ni jambo jipya kuliko tunavyodhani. Tabibu Santorio Santorio, aliyefundisha Padua, alining'iniza kiti kwenye mzani, akala, akalala na kufanya kazi zake juu yake kwa miaka mingi, akilinganisha kilichoingia mwilini na kilichotoka, na mwaka 1614 akachapisha matokeo yake. Lakini alitafuta siri ya jasho lisiloonekana, wala hakuwa na haja ya kujua nani mnene. Mwaka 1835 Adolphe Quetelet, mwanaastronomia na mtakwimu wa Ubelgiji, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mtu wa wastani, na ndani yake mlikuwa na ugunduzi kwamba uzito wa watu wazima huongezeka takribani kwa kadiri ya mraba wa kimo chao. Gawanya kilo kwa mraba wa mita, na unapata namba. Quetelet hakuwa akitibu mtu yeyote. Alikuwa akitafuta kanuni za binadamu kama alivyotafuta kanuni za nyota, na namba yake ililala kwenye vitabu vya takwimu kwa zaidi ya karne moja.

Walioigeuza miili kuwa jedwali la hatari walikuwa wauzaji wa bima ya maisha. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za bima za Marekani zilikuwa na kitu ambacho hospitali hazikuwa nacho, yaani rekodi za mamilioni ya watu, kimo chao, uzito wao na tarehe za vifo vyao, nazo zilionyesha kuwa wateja wazito walikufa mapema zaidi. Miaka ya 1942 na 1943, kampuni ya Metropolitan Life ilitoa majedwali ya uzito uliofaa, kwanza ya wanawake kisha ya wanaume, yaliyogawanya watu katika maumbo madogo, ya kati na makubwa bila kueleza namna ya kujua umbo la mtu. Wateja waliopimwa walikuwa zaidi Wazungu wenye kipato cha kutosha kununua bima, wengi wao wakapimwa wakiwa na nguo na viatu. Hata hivyo majedwali hayo yalibandikwa kwenye kuta za vyumba vya madaktari, na yale yaliyokuwa makadirio ya biashara yakawa sheria ya mwili.

Wakati huohuo fahari ya unene ilikuwa imegeuka. Chakula kilipokuwa rahisi kupatikana katika miji ya viwanda, tumbo halikuweza tena kumtofautisha tajiri na maskini, na wembamba, ambao sasa ulidai muda, nidhamu na chaguo la vyakula, ukachukua nafasi yake. Mwanakemia Wilbur Atwater alikuwa ameeneza kalori katika miaka ya 1890, na mwaka 1918 daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters, akawafundisha wasomaji wa Marekani kuhesabu kalori badala ya vipande vya mkate, akiwaambia pia kwamba kuhifadhi chakula mwilini wakati wa vita ni kuinyima nchi. Hapo lawama ilibadili mavazi tena: dhambi mbele ya Mungu ilikuwa imegeuka kosa dhidi ya taifa.

Na pale lawama inapokuwa kubwa, watu hukubali tiba yoyote. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilionekana kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Ufaransa walioshika kemikali iitwayo dinitrofenoli walikonda. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaripoti kwamba inachoma mafuta ya mwili, na katika muda usiofika miaka miwili watu wapatao 100,000 nchini Marekani walikuwa wameitumia. Ilifanya kazi kweli, kwa kuwa ilivuruga namna seli zinavyotumia nishati hata nishati yote ikageuka joto. Baadhi ya watumiaji walikufa kwa joto la miili yao wenyewe, na wanawake vijana wakapata mtoto wa jicho na kupofuka. Ilikomeshwa na sheria ya mwaka 1938. Baada yake vilikuja vidonge vya amfetamini vilivyoleta uraibu, kisha fenfluramini, iliyoondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kugundulika kuwa inaharibu vali za moyo.

Namba ya Quetelet ilirudi mwaka 1972, pale mtaalamu wa lishe Ancel Keys na wenzake walipolinganisha vipimo mbalimbali kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano na kuona kwamba hiyo ndiyo rahisi na haikuwa mbaya kuliko nyingine. Waliipa jina ambalo leo linajulikana kwa herufi tatu, BMI, wakiiona kama chombo cha kuchunguza makundi ya watu. Baadaye ikashuka kutoka makundi hadi kwa mtu mmoja mmoja: 25 na zaidi ni uzito uliozidi, 30 na zaidi ni unene uliopindukia. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliposhusha kiwango chao hadi 25 mwaka 1998, Wamarekani zaidi ya milioni 20 waliingia katika kundi la uzito uliozidi bila kuongezeka hata gramu moja.

Namba hiyo si uongo, ila ni kivuli cha kitu chenyewe. Haitofautishi misuli na mafuta, wala haisemi mafuta yamekaa wapi, ilhali daktari Jean Vague wa Marseille alikuwa ameshaonyesha tangu mwaka 1947 kwamba mafuta ya sehemu ya juu ya mwili na tumboni yanaambatana zaidi na kisukari kuliko yale ya nyonga na mapaja. Wala haiwatendei haki watu wa asili zote: mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze kuchukuliwa mapema, kwenye 23, kwa kuwa wao hupata kisukari na maradhi ya moyo wakiwa na namba ndogo zaidi.

Tuje sasa kwenye swali ambalo kila kizazi kimelijibu kwa haraka, la kwa nini huyu ananenepa na yule hanenepi. Jibu bora tulilo nalo lilianzia kwa panya. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson iliyoko jimbo la Maine, alipatikana panya aliyekula bila kukoma na kunenepa hadi uzito mara kadhaa wa ndugu zake. Katika miaka ya 1960 ikapatikana aina nyingine ya panya wanene, wenye kisukari. Mtafiti Douglas Coleman aliwashona panya wawili wawili, ubavu kwa ubavu, ili damu yao ichanganyike. Panya wa kawaida aliyeshonwa na yule mwenye kisukari aliacha kula akafa njaa, huku mwenzake akizidi kunenepa kando yake. Yule mnene wa aina ya kwanza aliposhonwa na mwenye kisukari, naye aliacha kula, akakonda na kufa. Coleman akahitimisha kwamba kuna ujumbe unaosafiri katika damu ukisema tumeshiba: panya wa aina ya kwanza hawezi kuutengeneza, na wa aina ya pili anautengeneza kwa wingi lakini ubongo wake hausikii.

Ujumbe huo ulipatikana mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walipoitambua jeni yake. Waliuita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba, na chanzo chake kilistaajabisha, kwa sababu unatengenezwa na mafuta yenyewe. Mafuta yaliyodhaniwa kuwa mzigo mfu yalikuwa kiungo kinachozungumza na ubongo. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili, binamu, waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Mmoja alikuwa na kilo 86 akiwa na umri wa miaka 8, na njaa yake haikuwa na mwisho. Alipopewa sindano za leptini, hamu yake ya chakula ilishuka kwa muda mfupi, na mwili ukafuata. Nawaza juu ya miaka ile minane: mtoto anayelilia chakula, wazazi wanaoonekana machoni pa watu kuwa wameshindwa kumlea, na chanzo cha yote ni herufi moja iliyokosekana katika jeni.

Watu walio na upungufu kama huo ni wachache mno, na wengi walio na miili minene wana leptini tele ambayo ubongo wao umepunguza kuisikiliza. Lakini urithi haukomei kwa jeni moja. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichunguza watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakakuta kwamba miili yao ilifanana na ya wazazi waliowazaa na haikuwa na uhusiano na ya wale waliowalea.

Hapa msomaji makini atauliza: kama ni urithi, mbona unene umeongezeka upesi hivyo, wakati jeni za binadamu hazibadiliki kwa kizazi kimoja au viwili? Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na unene uliopindukia, na kwa watu wazima kiwango kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha mwaka 1990. Majibu hayo mawili hayapingani. Mvua inayonyesha ni moja kwa kijiji kizima, lakini maji hutuama bondeni. Chakula chenye sukari na mafuta mengi kilichosindikwa na kuuzwa kwa bei nafuu, kazi za kukaa na usingizi uliopungua ndiyo mvua; jeni ndizo zinazoamua nani anaishi bondeni. Anayesema ni urithi tu haioni mvua, na anayesema ni tabia tu anamlaumu wa bondeni kwa kulowa.

Kwa sababu hiyo ilitarajiwa kwamba kuuita unene ugonjwa kungemaliza lawama. Mwezi Juni 2013, Chama cha Madaktari cha Marekani kilipiga kura na kuutambua hivyo, kinyume na ushauri wa baraza lake lenyewe la kisayansi, lililosema kwamba BMI ni kipimo dhaifu mno kuwa msingi wa kutangaza ugonjwa. Waliounga mkono walitaka matibabu yalipiwe na bima na dharau ipungue. Waliopinga walihofia kwamba mamilioni ya watu wasio na dalili yoyote wangeamka wakiwa wagonjwa. Naona kila upande ulikuwa na hoja ya kweli, na uamuzi huo peke yake haukutosha, kwani mpaka leo mtu mnene anayekwenda hospitali kwa maumivu ya goti, ya mgongo au ya kifua anaweza kuambiwa apunguze uzito kabla ya kuguswa. Wengine huacha kwenda kabisa, na ugonjwa ambao ungegunduliwa mapema unagunduliwa ukiwa umekomaa.

Dawa mpya za sindano zimeleta ushahidi wa aina nyingine. Semaglutidi, inayoiga homoni ya utumbo inayotolewa baada ya kula, ilianza kama dawa ya kisukari, na mwaka 2021 ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito. Katika majaribio, watumiaji walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao. Wengi husimulia kwamba kelele za chakula kichwani zilinyamaza, na kwamba hapo ndipo walipotambua kuwa watu wengine waliishi bila kelele hizo maisha yao yote. Wale walioacha sindano walirudisha, ndani ya mwaka mmoja, takribani theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Hilo halishangazi kwa anayekumbuka panya wa Coleman, wala halitoi jibu kwa swali la mvua.

Mwezi Januari 2025, tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la tiba la Lancet la kisukari na homoni ilipendekeza njia ya kutoka. Namba ya BMI isitoshe peke yake. Mafuta yathibitishwe kwa kipimo kingine, kwa mfano mzingo wa kiuno. Kisha watu wenye mafuta yaliyozidi wagawanywe katika makundi mawili, wale ambao viungo vyao vinafanya kazi vizuri, wafuatiliwe na kushauriwa, na wale ambao unene umekwishawadhuru, watibiwe kama wagonjwa wengine wa maradhi ya kudumu. Ili kujua mtu yuko kundi gani, daktari atazame moyo, mapafu, ini, figo na viungo vya mifupa, na zaidi ya hayo amuulize mgonjwa kama mwili unamzuia kufanya mambo ya kila siku: kuoga, kwenda msalani, kuvaa. Banting, ambaye hakuweza kufunga kamba za viatu vyake, alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo mwaka 1863, kabla ya mtu yeyote kumuuliza.